Mama, Mimi Nimekula?

Kiondo cha Cucu kilikuwa na adabu zake. Kila Ijumaa ya pili kilitoka Karurumo, huko chini ya Runyenjes, mdomo umefungwa kwa leso kuukuu, dereva wa gari la Meru akikabidhiwa kama anayekabidhiwa mtoto. Kufikia saa nane mchana kilikuwa kwenye kaunta ya vifurushi mjini Meru, kikimngoja Gatakaa atoke kazini. Chini kabisa mlikuwa na unga wa wimbi. Juu ya unga, ndengu kidogo, au ndizi, au mayai yaliyoviringishwa moja moja kwa karatasi za gazeti.

Na kiondo, jamani, hakirudi kitupu. Mtu akikuletea kitu ndani ya chombo, chombo kinarudi na kitu. Huna kitu? Tia chumvi. Kumrudishia mama mkwe kiondo kitupu ni kumwambia umemchoka, tena bila kufungua mdomo. Gatakaa alilijua hilo tangu utotoni kwao Laare. Hakuhitaji kuolewa na Mwembu ndio afundishwe.

Alikuwa karani katika ofisi ya mawakili, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwepesi wa kuchapa na mwepesi wa kuogopa. Mumewe, Gitari, alifundisha hesabu katika shule moja ya Kaaga, na hapo hapo Kaaga ndipo walipopanga, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mama Koome, mwenye ploti. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Sasa kwa Waembu, msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba yake, hakuna mjadala wala kikao. Kwa hiyo mtoto akaitwa Rwamba, kwa sababu Cucu, nyanya yake, ndiye Rwamba.

Cucu naye hakulichukua jambo hilo kwa mzaha. Kwake mtoto hakupewa jina lake tu. Mtoto *alikuwa* yeye. Siku alipomwona mara ya kwanza hospitalini, kadogo, kamezaliwa kabla ya wakati, kamekunjamana kama jani la mboga lililosahaulika juani, alikaangalia kwa muda mrefu kisha akasema, "Ala! Kumbe nilikuwa na masikio makubwa hivi?" Tangu siku hiyo akaanza kumwita Gatakaa mama. Mwanamke wa miaka sitini na nane anamwita msichana wa ofisini mama, na hacheki! "Wewe si umenizaa? Unataka nikuite nani?"

Kila jioni saa kumi na mbili, simu ililia.

"Mama, mimi nimeshindaje?"

"Umeshinda vizuri, Mama."

"Nimelia?"

"Umelia kidogo, jino linakusumbua."

"Woi, pole yangu. Na nimekula?"

"Umekula. Umemaliza kikombe kizima."

"Uji wangu?"

"Uji wako, Mama."

Hapo Cucu alicheka kwa raha, akakata simu. Na hapo ndipo palipokuwa na uongo. Kikombe kilikuwa kimemalizwa, ndiyo. Lakini uji wa Cucu haukuwa umefika hata kwenye sufuria.

Usimhukumu haraka. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa pakiti ya unga humfanya mama yake awe na macho hata kisogoni. Rwamba alipofikisha miezi sita na ikawa sasa ni wakati wa kuonja chakula, Gatakaa alisoma kwenye simu kila kitu kilichoandikwa na kila mama wa Kenya. Alisoma habari za kuvu kwenye nafaka. Alisoma habari za mchanga, za kinyesi cha panya, za maghala. Kisha akaenda supamaketi akasimama mbele ya rafu, na pale palikuwa na mkebe unaoitwa Kinda Bora, unga wa mchele na karoti, wenye picha ya mtoto mwenye mashavu ambayo Rwamba hakuwa nayo. Ukiufungua, karatasi ya fedha ya ndani inatoa mlio, *pap!* Gatakaa aliupenda sana mlio huo. Ulimwambia kwamba hakuna mkono wa mtu uliotangulia humo.

Ulikuwa ghali. Alijinyima, akanunua.

Na wimbi? Mara ya kwanza aliuweka kabatini. Mara ya pili kabati likajaa. Mara ya tatu akauchukua na mfuko wake akaupeleka kwa Mama Koome, ambaye ndiye aliyekaa na mtoto mchana.

"Wa kuku," alisema.

Mama Koome aliufungua mfuko, akachovya kidole, akaonja. "Unga huu? Kwa kuku?"

"Umeingia wadudu."

"Wadudu wako wapi? Nionyeshe mmoja nimsalimie."

"Mama Koome, aki, wape tu."

Akawapa. Mtu ana ploti yake na kuku wake, aanze kugombana na mpangaji kwa sababu ya zawadi? Kuku wa Mama Koome wakanenepa mpaka wakawa wanatembea kwa kuyumba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani anawasikiliza wahenga akiwa mbele ya rafu ya supamaketi?

Kiondo nacho kikarudi Karurumo, na hakikurudi kitupu. Gatakaa alitia ndani mkebe wa Kinda Bora, ule ule anaompa bintiye, maana hakuwa mchoyo. Kule nyumbani kulikuwa na Winrose, dada mdogo wa Gitari, na mwanawe wa miezi kumi na mmoja aliyeitwa Gachoki, jina la marehemu mume wa Cucu. Cucu alimwita mtoto huyo "mzee wangu", akamgombeza kwa kukojoa kitandani kama anavyogombezwa mume. Mkebe mmoja ukaenda, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Gatakaa alijisikia vizuri kila alipokifunga kiondo kile.

Basi ikawa Jumatano moja, saa nne, wakati wa chai. Kaimenyi, karani mwenzake, alikuwa na andazi mkono mmoja na simu mkono mwingine, akisoma habari kwa sauti kama kawaida yake, nani kafunga bao, nani kafumaniwa. Akasoma hivi pia: kwamba unga wa watoto wa Kinda Bora umepimwa ukapatikana na madini ya risasi kupita kiasi, kwamba wazazi waache kuutumia mara moja na waurudishe dukani, na namba za matoleo ni hizi zifuatazo.

"Soma tena," Gatakaa alisema.

"Nini, ya bao?"

"Ya unga! Kaimenyi, soma ya unga!"

Hakuaga. Alichukua boda hadi Kaaga, na njia nzima alikuwa akimwambia Mungu maneno yasiyo na mpangilio. Alimkuta Mama Koome kwenye kigoda uani, Rwamba mapajani, kijiko kikiwa njiani kuelekea kwenye mdomo ulioachama.

"Wacha!"

Alikipiga kijiko kikaruka. Aliingia ndani, akautoa mkebe, akaupindua, unga ukamwagika miguuni, akasoma namba zilizochapwa chini. Akazilinganisha na za simuni. Akazilinganisha tena, kwa kidole, tarakimu moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zilikuwa zile zile.

Nje Rwamba alikuwa akilia kwa hasira, maana amenyang'anywa chakula na hakuna aliyemweleza kwa nini. Miezi minne. Mara tatu kwa siku. Gatakaa alimchukua akamkumbatia, naye mtoto akanyoosha mkono kuelekea kijiko kilichokuwa kwenye mavumbi.

Kama ingekuwa ni huyu mmoja tu, huenda Gatakaa angejificha na aibu yake na Cucu asingejua kitu. Lakini kulikuwa na mikebe minne Karurumo. Alipiga simu, na hata hapo, hebu mtazame mwanadamu, alianza na uongo.

"Mama, ule unga wa mkebe, msimpe mtoto. Umepitisha tarehe."

Cucu alimwita Winrose, wakanong'ona. Kisha Cucu akasema, "Winrose amesoma. Anasema tarehe ni ya mwaka ujao, mwezi wa tano."

Gatakaa alifunga macho. "Mama, una sumu. Wametangaza. Una risasi, si ya bunduki, ni madini, kama ile iko kwa betri ya gari. Gachoki amekula mikebe mingapi?"

"Gachoki? Mzee wangu?" Cucu alishangaa kweli. "Mzee hakuwahi kula kitu cha mkebe maisha yake yote, aanze saa hii hana meno?"

"Na mikebe iko wapi?"

"Si iko kwa kabati ya vioo! Yote minne, nimeweka na kitambaa juu. Kila mgeni akikuja namwonyesha, namwambia mke wa Gitari ndiye ananitumia. Zawadi ya mama yangu nipikie mtu wa kumwaga kwa sakafu?"

Gatakaa aliketi chini pale pale sakafuni, katikati ya unga. Mtoto wa Winrose alikuwa salama, kwa sababu zawadi yake iliheshimiwa kiasi cha kutofunguliwa. Na ya kwake yeye, ya Cucu, aliifanya nini?

"Sasa, Mama," sauti ya simuni ilishuka. "Na mimi? Mimi nimekula?"

"Umekula, Mama." Machozi yakamtoka. "Umekula ile ya mkebe. Miezi yote hii."

"Pamoja na uji wangu."

Ilikuwa nafasi yake hiyo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kilichobaki ni kupita. Lakini mtu aliyekwisha kupigwa mara moja kwa siku haombi kofi la pili.

"Ndiyo," alisema. "Pamoja na uji wako."

Kesho yake asubuhi Cucu alishuka Kaaga mwenyewe, kiondo mgongoni. Hakukaa, hakunywa chai. Alitoa mikebe minne, mizima, akaipanga mezani, akauacha ndani mfuko wa wimbi wa wiki hiyo. "Shika. Mrudishe dukani mrudishiwe haki yenu." Kisha akamtoa mtoto mikononi mwa Gatakaa, akamnusa utosini, akasema, "Twende tukanitazame." Wakaenda kliniki, Gitari naye akiwa ameomba ruhusa shuleni.

Daktari Muchangi alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini, aina ya daktari anayepasha mikono moto kwanza ndipo amshike mtoto. Alisema damu itatolewa, itapelekwa Nairobi, majibu yatachukua siku kadhaa. Muuguzi alipoleta sindano, Cucu alikunja mkono wa sweta yake akaunyoosha mkono wake mwenyewe mezani, mkono mweusi uliokomaa kwa jembe.

"Daktari, si mtoe hapa? Ni damu moja. Mimi ndiye huyo."

Muuguzi akacheka. Daktari hakucheka. "Ningeweza, Cucu, ningetoa kwako," alisema, na nadhani alimaanisha.

Rwamba alilia, wote watatu wakalia naye, hata Gitari, ambaye alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha daktari akavuta karatasi. "Sasa niambieni kila kitu mtoto anakula. Kila kitu."

Gatakaa alifungua mdomo, lakini Gitari akatangulia. Alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni, na aliyoyajua kuhusu kikombe cha mtoto ni yale aliyoyasikia kwenye simu. "Huo wa mkebe," alisema, "na uji wa wimbi ya mama. Kila siku, tangu aanze kula."

"Wimbi ya nyumbani?" Daktari aliandika. "Basi nitaomba sampuli yake pia. Si kwamba nashuku, lakini hatuwezi kuacha kitu. Cucu, unaianika wapi?"

"Kwa mabati. Yale ya jikoni yalitolewa, niliyatandaza chini."

"Yamepakwa rangi?"

"Mzee aliyapaka. Nyekundu. Kabla hajafa."

"Rangi inabanduka?"

Cucu alikuwa akiitazama kalamu ya daktari inavyokwenda. "Inabanduka," alisema.

Kuna rangi za zamani, daktari akaeleza kwa upole, zenye madini hayo hayo. Si lazima iwe hivyo. Watapima. Lakini Cucu alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alivitazama viganja vyake kama mtu aliyevikuta vimeshika kitu kisicho chake, na njia yote ya kurudi nyumbani hakuomba kumbeba mtoto. Gatakaa alikaa kando yake na ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Mchana Gitari alirudi shuleni. Gatakaa alimlaza mtoto, na alipotoka uani alimkuta Mama Koome amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama mkwe wako ameniomba jembe."

"La nini?"

"Anachimba shimo huko nyuma kwa migomba. Anasema anataka kufukia unga wake, hata kuku wasiuguse. Anasema ameua mtoto." Mama Koome alimtazama kwa muda. "Mimi nimekupangisha nyumba, sikukupangisha mdomo wangu, lakini nimeufunga. Sitasema kitu. Lakini wewe, Gatakaa, wewe utasema."

Kweli, mficha uchi hazai. Gatakaa alienda.

Cucu alikuwa ameinama migombani, leso kiunoni, akichimba kwa nguvu ya mtu wa miaka thelathini. Kiondo kilikuwa kando yake, mfuko wa unga ukichungulia. Shimo lilikuwa limefika magotini. Alikuwa akiongea peke yake Kiembu, na Kimeru na Kiembu si mbali, Gatakaa akaelewa. Alikuwa akimwomba mtoto msamaha.

"Mama, wacha kuchimba."

"Rudi kwa mtoto."

"Mama, si wimbi yako."

"Hujui. Hata daktari hajui. Nimeianika kwa rangi hiyo miaka mingapi? Mimi na macho yangu mawili. Nimejilisha sumu na nikauliza kila jioni kama nimeshiba!"

"Hajaila!" Gatakaa alipiga magoti kwenye udongo mbichi. "Mama, nisikilize. Mtoto hajawahi kula wimbi yako. Hata kijiko. Hata siku moja. Nilikuwa nawapa kuku."

Jembe lilisimama hewani, likashuka taratibu.

"Kuku."

"Ndiyo, Mama. Kuku wa Mama Koome."

"Miezi minne."

"Ndiyo."

"Na nilipokuwa nauliza kama nimekula..."

"Nilikuwa nakudanganya."

Mmoja wa kuku hao hao, mweupe, mnene, asiye na haya, alikuja akasimama ukingoni mwa shimo akaangalia ndani. Cucu alimtazama kuku, kuku akamtazama Cucu. Katika siku nyingine yoyote wangecheka wote.

"Unajua naamka saa ngapi?" Cucu alisema, na sasa hasira ilikuwa imefika, ya kweli. "Naosha wimbi maji matatu. Naanika. Napepeta na uteo mpaka mgongo unakataa. Kwa mashine ya kusaga nafika wa kwanza, kabla ya watu wa mahindi, na ninatia gorogoro moja zima la wimbi la kuosha mashine, ninalitupa, *ninalitupa* Gatakaa, ndio unga wa mtoto utoke safi. Winrose ananiambia nimerukwa na akili. Namwambia wacha, ni mimi nakula hii!" Sauti ilimkatika. "Ungeniambia tu hutaki. Nilikuwa mtu wa kukuuma?"

Hapana. Hakuwa. Ndiyo maana iliuma hivi. Gatakaa alilia kilio kile kisicho na sauti, mabega tu yakiruka.

"Niliogopa, Mama. Alikuwa mdogo sana. Niliogopa kila kitu. Nikaona kile kimefungwa na kiwanda..."

Cucu aliketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani, kama mtu aliyeketi kwenye kitanda kisicho chake. Akajipangusa uso kwa leso, ikamwachia udongo shavuni. Wakakaa hivyo muda, mmoja amekaa, mmoja amepiga magoti, na kuku katikati.

"Niletee mimi," Cucu alisema hatimaye.

Gatakaa alikwenda akamtoa mtoto kitandani, joto la usingizi bado liko kwake, akamleta. Cucu alimweka mapajani, akamtengeneza shingo.

"Nani alidanganywa?" aliuliza.

"Wewe, Mama."

"Na nani alilishwa vibaya?"

"Rwamba."

"Na Rwamba ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi mambo haya ni ya Rwamba. Si ya daktari, si ya Gitari, si ya mtu mwingine. Gitari utamwambia jioni, akipiga kelele mwambie aje kwangu." Alipumua. "Leo nimekasirika, na nitakasirika mpaka jioni, usinisumbue. Lakini mimi Rwamba, niliyelishwa, nimekusamehe. Mama hafukuzwi kwa kukosea. Ulikuwa unaogopa nife, ndiyo tu."

Ndipo sauti ya Gatakaa ilipotoka. Alilia mpaka Mama Koome akaja mbio akidhani kuna msiba. Alipoelewa, alishika kiuno, akalitazama shimo katikati ya migomba yake. "Na hili mnaniachia? Haya. Nitapanda chipukizi."

Jioni ile Cucu alipika uji, ucuru kama wanavyouita kwao, kutoka mfuko mdogo wa wimbi ya jirani, maana alikula kiapo hatagusa ya kwake mpaka ipimwe. Rwamba alionja, akakunja uso, akautema wote kwenye leso. Haukuwa na sukari ya mchele wa mkebe. "Nimeharibiwa ulimi," Cucu akasema, akachota tena. Ilichukua wiki nzima ya kutemewa.

Majibu yalikuja siku ya tisa. Unga wa Cucu haukuwa na kitu. Damu ya mtoto ilikuwa na tisa, kwa kipimo chao, na haikupaswa kupita tatu na nusu. Hakuna dawa, daktari alisema. Dawa ni kuacha, na kumlisha: maharagwe, mboga za kijani, mayai, matunda, maana mwili wenye madini ya chuma ya kutosha hauipokei risasi kwa urahisi. Warudi baada ya miezi mitatu. Gatakaa alimuuliza kama imeharibu akili ya mtoto. "Sitakuahidi kitu nisichokijua," daktari alisema. "Lakini mmeacha mapema. Mngojee."

Miezi mitatu ni mirefu, nani asiyejua? Cucu alirudi Karurumo, akayafukia mabati mekundu mbali na shamba, akanunua turubai ya kuanikia. Kiondo kikaendelea kuja. Gatakaa alikifungua na kuupika unga siku hiyo hiyo, na kiliporudi alitia alichokuwa nacho: mkate, majani ya chai, siku moja barua tu na picha ya Rwamba akiwa na uji hadi kwenye nyusi. Usiku hakulala vizuri. Mtoto akichelewa kusimama, alihesabu. Mtoto akidondosha kitu, alihesabu. Aliposimama siku moja kwa kushika kigoda cha Mama Koome na kumrushia yule kuku mweupe kijiko, Gatakaa alikaa chini akalia, kisha akamsifu.

Siku ya majibu alikuwa peke yake kliniki, Gitari alikuwa na mtihani wa kusimamia. Daktari Muchangi aliisoma karatasi kwanza yeye, na kabla hajaongea Gatakaa aliona mabega yake yakishuka.

"Tatu," alisema. "Imeshuka mpaka tatu. Tutaendelea kumwangalia akikua, lakini mama, hii ni habari njema."

Alitoka nje, mtoto mgongoni, akasimama chini ya ukuta wenye kivuli. Ilikuwa bado saa tano asubuhi, si saa ya Cucu kabisa. Alipiga.

"Mama," alisema, akashindwa kuendelea.

"Sema. Mimi niko vipi?"

"Umeshuka mpaka tatu. Uko mzima, Mama. Umepona."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayeketi, na kwa mbali sauti ya Winrose akiuliza kuna nini. Cucu alipenga makamasi.

"Nilijua," alisema. "Tangu asubuhi nasikia mwili mwepesi." Kisha sauti ikarudi pale ilipozoea kukaa. "Na nimekula?"

"Bado. Uji wako niliuacha kwa Mama Koome, tukifika utakuwa umepoa."

"Basi enda haraka," alisema Cucu, "nina njaa."